Vidonge Nyuma ya Mlango

"Hivi vidonge vyenu vimenikausha ulimi mpaka mate yenyewe hayapiti! Ndizi naona kama natafuna magome. Nife kwa ugonjwa au nife kwa dawa? Chagua wewe, gwe Ikupa, si ndiye unayejua kila kitu kwenye ukoo huu!"

"Mimi nataka siku yangu ya jembe," nikamjibu kaka yangu Jotham. "Ukishanilipa, utakufa unavyopenda."

Aligeukia ukutani akajifunika blanketi. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, saa nne asubuhi, saa ambayo Jotham wa zamani angekuwa ameshamaliza kusimika nguzo za mianzi kwenye nusu ya migomba yake.

Msinishangae kwa ulimi wangu. Sisi tumenyonya titi moja, tukiongea kwa upole tunajua kuna msiba. Na hiyo siku ya jembe nilikuwa namdai kweli. Nilishuka kwake Masoko kumlimia maharage kutwa nzima, mgongo ukakatika, kwa makubaliano yetu ya miaka yote kwamba naye atapanda kwangu Tukuyu kunilimia. Hakupanda. Nikawa nampigia kelele hilo deni kila nikifika, makusudi, maana nilikuwa sijui kitu kingine cha kumwambia mtu ambaye haamki.

Kaka yangu ni mkulima wa migomba na kahawa, na miparachichi aliyoipanda wakati wenzake wanamcheka kwamba anafuga kivuli. Ila watu hawamjui kwa kilimo. Wanamjua kwa tarumbeta. Kanisani kwetu yeye ndiye wa lile kubwa, la sauti nene, na akilipuliza mashavu yanamvimba kama chura wa masika. Hakuna mtu aliyezikwa upande ule bila Jotham kumsindikiza. Hata mkewe alimpulizia mwenyewe mpaka kaburini, watu wakalia kwa ajili ya ule moyo wake kuliko kwa ajili ya marehemu.

Baada ya msiba alikaa vizuri. Alicheka, alilima, aliuza parachichi. Ndiyo maana hata leo siwezi kukuambia kilichomwangusha. Masika moja tu alianza kuacha vitu. Aliacha tarumbeta, akaacha shamba, akaacha kuoga. Alfajiri moyo ulimwenda mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa, naye yuko kitandani. Daraja la magogo alilovuka tangu mtoto likamshinda, anasimama mwanzoni mwake anatetemeka, kisha anarudi. Majirani wakasema amelogwa kwa wivu wa parachichi. Wazee wa kanisa wakaja kuomba, wakanywa chai, wakaondoka. Mimi nikasema hospitali, tena wiki hii hii, maana nilichoka kusikiliza watu wanaojua chanzo na hawajui la kufanya.

Tukampeleka Tukuyu. Kwenye kliniki ya magonjwa ya akili tulimkuta nesi Arafa, mama wa makamo, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa ambaye babu yake alikuja na mzigo kutoka pwani akazikwa huku huku. Alimsikiliza kaka yangu bila kumkatiza, kitu ambacho mimi sijawahi kukiweza. Akasema ni sonona, imeshikana na wasiwasi, ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

"Dawa ni kila siku," akatuambia. "Wiki za mwanzo hamtaona nafuu, mtaona usumbufu tu. Mdomo utakauka, atasinzia. Asiache. Nyumbani yupo mtu wa kumpa?"

"Yupo mkwe wake," nikasema.

"Vizuri sana."

Mkwe mwenyewe ni Doreen, mke wa Lugano, mtoto pekee wa Jotham. Lugano anatafuta maisha Dar es Salaam. Doreen kabaki Masoko na watoto na shamba, na kwa kazi yule msichana ni trekta. Ila lazima mjue jambo moja. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe wake hawaangaliani. Akimwona anakuja, anaingia migombani mpaka mzee apite. Hamtaji jina. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Mijini na kwa vijana imelegea, wanapiga picha pamoja mpaka wanakumbatiana. Kwa kaka yangu haikulegea hata uzi, na Doreen alifundishwa vizuri. Chakula anakiweka nyuma ya mlango, anakohoa, anaondoka. Mzee anatoa mkono, anavuta sahani. Hiyo ndiyo heshima, nasi tuliiona nzuri.

Na dawa ikaenda kwa njia hiyo hiyo. Kidonge kwenye kisahani, pembeni ya ndizi. Doreen anakohoa, anaondoka. Akirudi kuchukua vyombo, kisahani kitupu.

Siku zile za mwanzo Jotham alilalamika kama mlivyosikia. Kisha akanyamaza. Nikafurahi, nikawatangazia wenzangu sokoni, pale ninapouza ndizi, kwamba kaka ameizoea dawa. Ila nafuu haikuja. Nesi Arafa akaongeza kipimo. Haikuja. Akabadilisha, akampa vidonge vya aina nyingine, tukasubiri tena wiki zake. Jotham alikuwa anazidi kukonda, suruali inafungwa kwa kamba.

"Anakunywa kweli?" nesi akauliza.

"Kila siku," nikasema. "Kisahani kinarudi kitupu."

Nikasema kwa kifua mbele kabisa. Naye alikuwa hana sababu ya kuuliza zaidi, kwao mkwe anamnawisha mzee mikono.

Ndipo Lugano akapiga simu.

"Shangazi, huku kuna mashine. Hospitali ya binafsi. Inatibu ubongo kwa sumaku, kwa wale ambao dawa zimeshindwa."

"Unataka kumpiga baba yako umeme?"

"Siyo umeme, shangazi! Anakaa kwenye kiti, yuko macho, wanamwekea kitu kichwani. Nimeshauza pikipiki."

Mtu akishauza pikipiki inayomlisha, humwambii polepole. Nikaenda kwa nesi Arafa, nikamwambia nataka maneno ya kueleweka, kipi bora, vidonge au mashine.

Akavua miwani. "Mama, mashine ziko namna namna. Ipo ile ya umeme kweli. Mgonjwa analazwa usingizi kwanza, inasaidia sana waliozidiwa, ila inaweza kumsahaulisha mambo ya karibuni. Hii ya Lugano ni ya sumaku. Hapo halazwi usingizi, anaweza kuumwa kichwa, na lazima aende karibu kila siku kwa wiki nyingi. Kidonge anakunywa kwake, hasafiri, ila kinakausha mdomo, kinataka uvumilivu. Wapo waliopona kwa kidonge tu. Wapo ambao kidonge hakikuwagusa, mashine ikawainua. Na wapo ambao vyote viwili havikuwatosha."

"Mimi nimekuuliza kipi bora."

"Kwa watu wengi huwa tunaanza na dawa, pamoja na mazungumzo. Ikishindwa ndipo tunafikiria mashine. Na kwa kaka yako dawa mbili zimeshindwa. Siwezi kuwazuia."

Akaandika barua kwamba dawa mbili zimeshindwa. Jotham akapelekwa Dar. Alipandishwa gari kama mzigo wa mtu mwingine, hakuuliza hata anakwenda wapi.

Nikawa nakaa na simu kifuani. Wiki ya kwanza Lugano anasema baba analalamika kichwa. Ya pili, baba amekula wali akaongeza. Halafu siku moja, nimekaa sokoni katikati ya mikungu, simu ikaita, na ni sauti yake mwenyewe.

"Gwe Ikupa. Wananigongagonga kichwani kama kigogota kwenye mti mkavu."

"Na wadudu wamewapata?"

"Bado wanatafuta." Akacheka. Kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa.

Nikalia pale pale. Mteja akaniuliza kama nimefiwa, nikamwambia nunua ndizi uondoke.

Furaha yangu haikuiva. Siku hizo hizo Doreen aliona mwanya. Chumba cha mkwe alikuwa haingii mwenyewe akiwepo, kwa hiyo mzee kusafiri ndiyo nafasi ya kufagia vizuri na kutoa masizi. Akapanda kwenye kigoda kufuta buibui juu ya kitanda. Chini ya paa akakuta vifurushi vya majani makavu ya mgomba, vimesokotwa na kufungwa kwa kamba zake, kama vile tunavyofunga mbegu za maharage. Akajua ni mbegu. Akafungua kimoja aone kama zimeliwa na wadudu.

Alinipigia simu: "Shangazi, njoo." Nikachukua bodaboda mpaka Masoko, matope mpaka magotini. Nikamkuta amevipanga mezani. Vidonge vya kwanza peke yake, vya pili peke yake, kama mtu anayetenga maharage meupe na mekundu. Vyote. Ukitoa zile siku chache alizolalamika, hakumeza hata kimoja.

"Wewe ulikuwa unafanya nini?" nikamrukia Doreen. "Si tulikukabidhi?"

Hajawahi kunijibu yule msichana. Siku hiyo alinijibu.

"Shangazi, mlinifundisha ninyi wenyewe. Siku nimeletwa hapa, wewe ndiye uliyenifunika kanga kichwani kwa mkono wako, ukaniambia nikimwangalia baba nimewavunjia heshima wote. Sasa nilikuwa nimwone vipi akimeza? Kwa kisogo?"

Nikaanza kuvikusanya vile vidonge, nikavifunga tena kwenye majani yake.

Sasa mfikirie tulivyokuwa. Mtu yuko Dar, kichwani ana mashine ambayo ni ya walioshindwa na dawa, na dawa haijashindwa, haikuonjwa. Pikipiki imeshauzwa. Na mtu mwenyewe ndiyo kwanza amecheka. Nikisema, wanaweza kumwondoa kwenye kile kiti. Nikinyamaza, barua ya nesi ina uongo wangu ndani.

Nikasema. Lugano alinifokea, akamfokea na mkewe, kisha akakata simu. Kesho yake akapiga amepoa. Daktari wa huko Dar hakugomba. Alisema matibabu yamefika katikati na mgonjwa anaonyesha nafuu, wayamalize. Na dawa aanze sasa, mbele ya macho ya mtu.

Nesi Arafa nilimpelekea vile vifurushi. Akavifungua kimoja kimoja.

"Kumbe nilikuwa naongeza dawa ambayo hanywi," akasema.

"Akipona, tutajua kilichomponya ni nini? Mashine au vidonge?"

"Sasa hatutajua, mama. Vimeshachanganyika." Akafunga vile vifurushi kwenye mfuko. "Alikuwa anaviweka kwa ajili gani? Umemuuliza?"

Nilimuuliza aliporudi. Alirudi anatembea mwenyewe, amenyolewa, na shati jipya la Lugano. Daraja la magogo alilivuka, mimi nikiwa nyuma yake nimeshika shati. Tulipokaa nikamwuliza kwa sauti ya chini, kitu ambacho kwetu sisi wawili ni cha ajabu.

"Mwanzoni vilinikausha," akasema. "Nikaacha. Kutupa nikaona vibaya, mkwe analeta kwa heshima."

"Halafu?"

Aliangalia mikono yake. "Halafu nikawa najua vipo. Nikiamka usiku moyo unakimbia, najua vipo pale juu."

Sikuuliza zaidi. Mbegu mtu anaiweka kwa ajili ya siku fulani, nami sikutaka kuijua hiyo siku. Nesi nilimwambia yote. Akasema dawa isikae tena chumbani kwake hata siku moja, na asikae peke yake muda mrefu.

Ule mwanga aliorudi nao kutoka Dar haukudumu wote. Nusu ulibaki, nusu ulianza kufifia, ukiuona hivi unavyokwenda na huna pa kuushika. Akawa analala, anakula, ila mchana anakaa kizingitini macho yako mbali. Nesi akasema hutokea, mashine inamwinua mtu kisha anateremka tena kidogo, ndiyo maana kidonge lazima sasa kiingie tumboni kweli. Na kurudi Dar hatukuwa na pikipiki nyingine ya kuuza.

Nilikaa Masoko kumsimamia. Ndizi zangu zikaiva zikaoza Tukuyu, wateja wakahamia kwa mwingine. Siku ya kuondoka ilikuwa lazima ifike, na jioni ya kuamkia siku hiyo nililia jikoni, nikausingizia moshi.

Asubuhi Doreen akaleta sinia. Chai, ndizi za kuchemsha, kidonge kwenye kisahani. Nikasubiri akohoe. Hakukohoa. Akaingia ndani, kanga kaivuta mpaka machoni, uso kaelekeza ukutani.

"Baba, nimekuja kukuona unavyomeza."

Jotham alivuta blanketi mpaka kichwani. "Ikupa! Mwambie mkwe wangu atoke! Ataniona!"

"Mwambie mwenyewe, ana masikio."

Tangu binti yule aolewe, kaka yangu alikuwa hajamsemesha neno. Mvua ilipiga bati. Doreen akaliweka sinia kwenye kigoda pembeni ya kitanda, hakutoka. Mwisho sauti ikatoka chini ya blanketi.

"Mwanangu, nina aibu."

"Hata mimi, Baba. Meza tu."

Akatoa mkono. Akameza. Akafungua mdomo, mzee mzima na mvi zake, kama mtoto anayekaguliwa meno. Doreen akageuza jicho moja, haraka, kama mtu anayechungulia chungu chenye mvuke.

"Umemeza," akasema, akatoka.

Nilimfuata. Nilimkuta nyuma ya jiko amekaa chini kwenye tope. "Ndaga, mwanangu," nikamwambia. "Ndaga fijo." Hiyo ndiyo asante sana ya kwetu.

Mngependa niwaambie amepona. Mimi mwenyewe ningependa. Anameza, hilo nalijua, maana Doreen anaingia kila asubuhi, na bado hawaangaliani usoni, wanaangalia kidonge. Siku nyingine anakwenda mpaka kwenye miparachichi. Siku nyingine anakataa kufungua mdomo, na Doreen anasimama pale mpaka chai inapoa. Mdomo bado unamkauka, nesi amempa kipimo kingine. Wa kanisani wananiuliza, ile mashine iliyomfanya acheke na hivi vidonge vinavyomtoa nje, kipi kimemsaidia? Nawaambia kamuulizeni aliyemwumba. Tarumbeta liko kwenye msumari wake, Doreen analifuta vumbi.

Juzi, mvua imeachia kidogo, bodaboda ikasimama nyumbani kwangu. Jotham, koti kubwa, jembe kalilaza mapajani.

"Nimekuja kulipa," akasema.

"Umekula?"

"Nimekula. Na kidonge nimemeza. Muulize mkwe wangu, aliniona."

Nikamwonyesha shamba. Akakunja suruali, akaanza. Udongo ulikuwa mzito wa mvua, lakini mkono wake haukusahau, jembe linapanda linashuka, magugu yanageuzwa mizizi juu. Nikasimama pembeni nimeshika kiuno, nataka kumtukana kama zamani. Kisha akapunguza. Kisha akasimama, mpini kifuani, midomo imekuwa myeupe.

"Moyo umeanza."

Akakaa juu ya tuta. Nami nikakaa. Alichokuwa amelima ni eneo la mkeka mmoja, na mbele yetu shamba lote limelala na majani yake.

"Nitaendelea," akasema.

"Limekwisha deni."

"Limekwisha nini? Hata robo bado."

"Anayedai ni nani hapa, mimi au wewe?"

Akalifikiria kana kwamba ni swali la kweli.

"Wewe."

"Basi sikudai kitu, kaka."

Akainuka. Akachuma jani la mgomba, akalipangusa jembe tope, upande huu na upande huu, kama alivyofanya siku zote, akaliegemeza kwenye ukuta wangu.